Maskini ndani ya kaya isiyo maskini: nimwandike wapi?

"Ninasaidia kuchambua takwimu za utafiti wa kaya katika mradi wa maendeleo. Wakati wa kujaribu dodoso tulifika kwenye kaya ya watu watano: baba, mama, watoto wawili na bibi. Aliyejibu maswali yote ni baba, kwa kuwa ndiye mkuu wa kaya. Tulipojumlisha matumizi na kugawa kwa watano, kila mmoja alikuwa juu ya mstari wa umaskini. Lakini kwa macho yangu yule bibi hana kitu. Nguo anayo moja, anaumwa na hapelekwi hospitali, na hashiki hata senti. Msimamizi wangu anasema mtu hawezi kuwa maskini ndani ya kaya isiyo maskini, na kwamba nikianza kuandika ninayoyaona nitaharibu takwimu. Mwenzangu mmoja anasema dawa ni kuwahoji wanawake badala ya wanaume. Mwingine anasema tukitumia kipimo cha umaskini wa pande nyingi, tatizo litakwisha. Nani yuko sahihi? Na bibi nimwandike wapi?"

Msimamizi wako yuko sahihi kikanuni, ila kimaisha amekosea. Wenzako wawili wamekaribia, lakini kila mmoja ameishia njiani. Nitaanza na msimamizi, kwa sababu kauli yake ndiyo inayoaminiwa na watu wengi, hata waliosoma sana.

Kama nimekuelewa, kinachokusumbua ni zaidi ya kaya moja. Unauliza kama namba tunazotoa zinamhesabu mtu, au zinahesabu nyumba kisha kila aliyemo anapakwa rangi ya nyumba hiyo. Jibu ni hilo la pili. Kaya, kwa lugha ya wadadisi (wale wanaopita nyumbani kuhoji), ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Tunapima kinachoingia chunguni. Nani alipakuliwa kiasi gani, hatuulizi. Tukishapata jumla tunaigawa kwa idadi ya watu, tunalinganisha na mstari, na hukumu moja inawaangukia wote. Mstari wa kimataifa wa Benki ya Dunia, ambao tangu Juni 2025 ni dola 3 kwa mtu kwa siku (dola iliyorekebishwa kwa tofauti za bei kati ya nchi na nchi), huitwa "kwa mtu", lakini mtu huyo ni wa kugawanya tu. Hakuna aliyemhoji.

Sababu si uvivu. Paa linamfunika kila aliyemo, taa inawamulikia wote, na hakuna anayetunza risiti ya sabuni kwa jina la aliyeoga. Dodoso la matumizi peke yake huchosha. Kulirudia kwa kila mwanakaya kungekula bajeti kabla hujamaliza kijiji cha pili. Kwa hiyo wataalamu walifanya uamuzi wa kikazi: tudhani kila mtu anapata sawa, au anapata kulingana na mahitaji yake, tuendelee. Uamuzi huo si wa aibu. Ubaya ulianza tuliposahau kwamba ni uamuzi. Safu ile ya "matumizi kwa kila mtu" kwenye faili lako ina sura ya kipimo kamili, kumbe nusu yake ni dhana: jumla ilipimwa, mgawo ulidhaniwa.

Hapa niondoe kosa moja ninalokutana nalo kila mwaka. Wengine husema, "Sisi hatugawi sawa, tunatumia kigezo cha mtu mzima linganifu." Ni kweli vigezo hivyo vipo. Kile kinachotumika sana Ulaya humhesabu mtu mzima wa kwanza kuwa 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi kuwa 0.5, na mtoto aliye chini ya hapo kuwa 0.3. Lakini vigezo hivi vinasema kaya inahitaji kiasi gani ili iishi kama kaya nyingine. Havisemi nani kapata nini. Ukivitumia bado umedhani kwamba wote ndani ya nyumba wana hali moja, ila umebadilisha kinachogawanya.

Sasa tuichukue kaya yako, na nyingine ya kubuni, tuone dhana hiyo inafanya nini. Tuseme mstari ni vizio 150 kwa mtu, na kwa urahisi tuutumie uleule kwa wakubwa na wadogo. Kaya ya kwanza inatumia 1,000. Ukigawa kwa watano ni 200 kila mmoja, hakuna maskini. Kaya ya pili inatumia 600, yaani 120 kila mmoja, na wote watano ni maskini. Ripoti itasema: watu 10, maskini 5, asilimia 50.

Tuseme basi tumepata njia ya kuona mgawo wenyewe. Katika kaya ya kwanza baba anapata 380, mama 180, watoto 160 kila mmoja, bibi 120. Katika ya pili baba anapata 200, mama 130, watoto 100 kila mmoja, bibi 70. Hesabu upya. Katika kaya ya kwanza maskini ni mmoja, bibi. Katika ya pili ni wanne, kwa sababu baba amevuka mstari. Jumla ni watano, asilimia ileile 50.

Tulia kidogo kwenye mfano huo, maana wengi huupita haraka. Asilimia haikusogea hata nukta moja, ila waliohesabiwa si walewale. Bibi wa kaya ya kwanza ameingia, baba wa kaya ya pili ametoka. Msimamizi anayetazama asilimia peke yake ataona kila kitu kiko shwari. Kwenye kaya ambazo wastani wake uko chini ya mstari, kupuuza mgawo kunaweza hata kuongeza idadi ya maskini kuliko walivyo. Kwenye kaya zilizo juu kidogo ya mstari, kunawaficha. Makosa hayo mawili yanaweza kufutana kwenye jumla, na jumla ikapendeza.

Kisichofutana ni kina cha umaskini. Kwa hesabu ya kaya, pengo la kuwafikisha maskini wote mstarini ni 30 mara 5, yaani 150. Kwa hesabu ya mtu ni 30 kwa bibi wa kwanza, kisha 20, 50, 50 na 80 kwenye kaya ya pili: jumla 230. Pengo halipungui ukitazama ndani. Hubaki palepale au huongezeka. Ndivyo ilivyo kwa Gini, kipimo cha ukosefu wa usawa, na ndugu zake wote. Kugawa sawa ndani ya kila nyumba ni kama kupiga pasi: mikunjo inalala, hata ile iliyokuwemo kweli.

Je, mikunjo ni mikubwa? Lawrence Haddad na Ravi Kanbur waliuliza hivyo mwaka 1990 kwa kutumia takwimu za Ufilipino, ambako ulaji wa mtu mmoja mmoja ulikuwa umepimwa. Walikuta kwamba kupuuza tofauti za ndani ya kaya kulipunguza ukubwa wa ukosefu wa usawa kwa asilimia 30 hadi 40. Wakakuta pia jambo ambalo wanaharakati hawapendi kulinukuu: mpangilio wa makundi, lipi maskini zaidi ya lipi, haukubadilika sana. Kwa hiyo kama mradi wako unataka tu kujua wilaya ipi ianze kuhudumiwa, takwimu za kaya huenda zinatosha, na nisingekushauri uingie gharama. Kama unataka kujua nani apewe huduma, hazitoshi.

Utafiti wa Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha hilo kwa ukali. Walichukua nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara na kutazama wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo wanaishi wapi. Karibu robo tatu yao hawakuwa kwenye asilimia 20 ya kaya maskini zaidi, na takriban nusu hawakuwa hata kwenye asilimia 40 ya chini. Usikimbilie kusema yote ni mgawo mbaya nyumbani. Maji machafu na maradhi hudhoofisha mwili hata pale sahani inapojaa. Lakini mradi unaochagua walengwa kwa kaya peke yake unawakosa wengi kati ya hao, na hautajua kwamba umewakosa.

Nyuma ya kauli ya msimamizi wako kuna imani kongwe: familia ni mfuko mmoja. Wachumi nao waliijengea hesabu. Gary Becker ndiye anayetajwa zaidi. Kaya inachukuliwa kama mtu mmoja mwenye akili moja na pochi moja. Uzuri wa imani hii ni kwamba inaweza kupimwa. Kama mfuko ni mmoja kweli, haijalishi pesa imeingia kwa mkono wa nani, matumizi yatakuwa yaleyale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilibadilisha utaratibu wa posho ya watoto. Kile kilichokuwa kikipunguza kodi kwenye mshahara wa baba kwa sehemu kubwa kikawa malipo taslimu kwa mama. Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walifuatilia kilichotokea, wakachapisha mwaka 1997: matumizi ya nguo za wanawake na za watoto yalipanda yakilinganishwa na nguo za wanaume. Afrika Kusini, Esther Duflo alionyesha mwaka 2003 kwamba wasichana walioishi na bibi anayelipwa pensheni ya uzee walikuwa na uzito mzuri zaidi kwa urefu wao. Pensheni ilipokuwa ya babu, athari hiyo haikuonekana. Mkono unajalisha, kwa hiyo mfuko si mmoja.

Badala ya picha hiyo, Pierre-André Chiappori alipendekeza tangu 1988 kuiona kaya kama watu kadhaa, kila mmoja na matakwa yake, wanaofikia mgawo fulani kwa mvutano wa nguvu. Nguvu hiyo hutokana na mambo ya kawaida: nani ana kipato chake, nani ana jina kwenye hati, nani ana kwao pa kurudi akikosana na wenzake, sheria ya mirathi inamtambua nani. Sasa mtazame bibi wa kaya yako kwa darubini hiyo. Hana kipato, hana hati, na hana mahali pengine pa kwenda. Hata kama kila mmoja nyumbani anampenda, na mara nyingi wanampenda, mgawo utamfikia mwisho. Nasema hivi ili usiandike ripoti inayomfanya baba yule kuwa mhalifu. Hujamwona akimnyima mtu kitu. Umeona matokeo tu.

Na si kila tofauti ni dhuluma. Mtoto mchanga hali kama mtu mzima, mgonjwa anahitaji dawa ambazo mzima hazihitaji, anayefanya kazi ya suluba anahitaji chakula zaidi ya anayekaa. Mgawo sawa kabisa unaweza kumwacha mgonjwa pabaya kuliko wote. Kwa hiyo usilinganishe alichopata bibi na alichopata baba. Linganisha alichopata bibi na anachohitaji bibi. Halafu tenganisha vitu vya pamoja na vya mtu binafsi. Paa na taa kila mmoja anavifaidi vyote, hakuna cha kugawa. Ugomvi uko kwenye vinavyopungua mmoja akitumia: chakula, nguo, matibabu, ada, pesa ya mkononi, na kitu ambacho madodoso husahau, saa za kupumzika.

Nije kwa mwenzako anayetaka kuwahoji wanawake badala ya wanaume. Siri ya mtungi muulize kata, na kweli anayeendesha nyumba anajua mengi ambayo mkuu wa kaya hayajui. Lakini ukimbadilisha mhojiwa mmoja kwa mwingine umebadilisha tu upande wa giza. Waume na wake wengi hawaelezani mapato yao yote, kwa hiyo kila mmoja anajua kipande. Wahoji wote wawili, kila mmoja faraghani, ikiwezekana kwa wakati mmoja na wadadisi wawili ili wasipate nafasi ya kulinganisha majibu. Majibu yakigongana, usiyasawazishe. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii nililetewa majibu ya mume na mke kuhusu mali ileile, hayafanani hata kidogo, nami nikachukua wastani na kujisifu kwamba nimesafisha data. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefuta jambo pekee la maana lililokuwa kwenye ukurasa ule: kila mmoja alikuwa akisema ni yake. Na bibi? Mama naye anaweza asimseme. Mama si msemaji wa bibi, kama ambavyo baba si msemaji wa mama.

Kwa sababu hiyohiyo, kulinganisha "kaya zinazoongozwa na wanawake" na "zinazoongozwa na wanaume" hakukupi umaskini wa wanawake. Kundi la kwanza lina mjane asiye na kitu na pia mke ambaye mumewe yuko mbali na anatuma fedha kila mwezi. Kundi la pili ndimo wengi wa wanawake wenyewe walimo, na wamefunikwa.

Kuhusu kipimo cha umaskini wa pande nyingi, ninakipenda, lakini hakitakuokoa hapa. Kile cha kimataifa, kinachotolewa tangu 2010 na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kina viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha, kila kimoja na uzani wake, na anayekosa theluthi moja au zaidi ya uzani wote huhesabiwa maskini. Soma kanuni zake kwa makini: kaya ndiyo inayopimwa. Mwanakaya mmoja akiwa amemaliza miaka sita ya shule, kwenye kiashiria hicho kaya nzima imepita, pamoja na bibi ambaye hakusoma hata siku moja. Mmoja akiwa na utapiamlo, wote wanaandikiwa upungufu, pamoja na baba mwenye afya tele. Pande zimekuwa nyingi, macho bado yako mlangoni.

Basi nini kifanyike? Njia zipo kadhaa, na kila moja ina bei yake.

Ya moja kwa moja ni kupima kile ambacho mtu hubeba mwenyewe: uzito, urefu, miaka ya shule, kama alipougua alitibiwa, alilala saa ngapi, alifanya kazi saa ngapi. Hapa hakuna kudhani mgawo. Udhaifu wake ni kwamba mwili ni shahidi mwenye mambo mengi. Hukonda kwa njaa, hukonda kwa homa, na hakuambii ni ipi. Kwa wazee ndiyo tabu zaidi, maana uzee wenyewe huondoa nyama. Karibu na njia hii ni kupima ulaji wa kila mtu kwa saa 24. Huo ni ushahidi mzuri, ila ni ghali, na kaya iliyotembelewa na mtu mwenye mizani hupakua kwa adabu siku hiyo.

Ya pili ni kuuliza upungufu wa mtu mmoja mmoja. Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 13 vya kupima ukosefu wa mahitaji, na sita kati yake huulizwa mtu mzima mwenyewe: kubadilisha nguo zilizochakaa, kuwa na jozi mbili za viatu, kuwa na pesa kidogo ya kutumia bila kuomba ruhusa, na mengine ya aina hiyo. Kitu kikikosekana huulizwa: huna kwa sababu huwezi kukipata, au hukitaki? Swali hilo ni zuri na pia ni mtego. Aliyekosa kwa miaka 30 hujifunza kutotaka. Bibi yako akiulizwa kama anahitaji nguo ya pili, kuna uwezekano mkubwa atasema inamtosha moja. Rekodi jibu lake kama alivyolitoa, lakini kwenye uchambuzi toa hesabu mbili, moja ikiwa na wale waliosema "sitaki" na nyingine bila wao. Zikiachana sana kwa wanawake au wazee kuliko kwa wengine, umepata habari.

Ya tatu inanivutia kuliko zote kwa miradi ya ukubwa wako. Nchini Senegal, ambako kaya nyingi ni kubwa, watafiti waliigawa kila kaya katika vikundi vidogo: mke na watoto wake ni kikundi, mkuu wa kaya na wanaomtegemea moja kwa moja ni kikundi, na kadhalika. Matumizi ya pamoja yaliandikwa mara moja, yale ya kila kikundi yakaandikwa kwa kikundi. Philippe De Vreyer na Sylvie Lambert, waliochambua takwimu hizo, walikuta maskini waliokuwa wamejificha ndani ya kaya zisizo maskini, watu wa aina ya bibi yako. Huhitaji kumfuata kila mtu. Unafuata mistari ambayo familia yenyewe imeshaichora.

Ipo na ya nne, ya kihesabu, ambayo nitaigusa tu. Geoffrey Dunbar, Arthur Lewbel na Krishna Pendakur walitumia takwimu za Malawi mwaka 2013 kukadiria mafungu ya wanaume, wanawake na watoto kutokana na matumizi ya nguo, kwa kuwa nguo ya mtoto haivaliwi na baba. Akili ya njia hiyo ni nzuri, na inaweza kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa. Lakini imebeba dhana nzito kuhusu jinsi matakwa ya watu yanavyofanana, na haitakuambia lolote kuhusu bibi kama dodoso halikutenganisha nguo za wazee na za wanawake wengine. Usiianze bila mtu aliyewahi kuifanya.

Na usiende uwandani na hukumu mfukoni. Angus Deaton alitafuta dalili za ubaguzi kati ya wavulana na wasichana katika takwimu za matumizi za Kodivaa, akachapisha mwaka 1989 kwamba hakuziona. Pengine hazikuwepo, pengine njia yake haikuwa na meno ya kutosha. Aliandika alichokiona.

Kama ningekuwa mezani na timu yenu, ningeacha sehemu ya matumizi ya kaya kama ilivyo, maana bila hiyo hamtaweza kujilinganisha na utafiti mwingine wowote. Ningeongeza ukurasa wa vikundi, maswali machache ya mtu binafsi kwa kila mtu mzima, na vipimo vya mwili kwa watoto na wanawake. Kama bajeti hairuhusu kuwahoji watu wazima wote, chagueni mmoja kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya wanakaya, si yule aliyefungua mlango. Hapo kuna shimo ambalo wengi hutumbukia. Mtu wa kaya yenye mtu mzima mmoja ana uhakika wa kuchaguliwa, wa kaya yenye watano ana nafasi moja kati ya tano. Msipompa wa pili uzani mara tano kwenye uchambuzi, watu wa kaya kubwa watapungua kwenye takwimu zenu, na wazee wasio na kwao mara nyingi ndiko waliko. Hakikisheni pia orodha imemtaja msaidizi wa kazi za nyumbani na jamaa aliyekuja "kwa muda" miaka minne iliyopita. Hao husahauliwa hata kabla ya kuhesabiwa.

Kuna wakati maandishi yangu hayatakufaa, na unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Mtafuteni mtaalamu wa sampuli kabla ya kuchapa dodoso. Akija baadaye atawaambia tu mlipokosea. Kupima uzito na urefu kunafundishwa kwa vitendo, kwa hiyo aliyezoea kazi hiyo awasimamie siku za mwanzo. Kibali cha maadili ya utafiti kiombwe mapema, hasa kwa kuwa mnawatenganisha wanandoa ili kuwauliza habari za fedha. Kama kuna swali lolote linalogusa ukatili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuuliza mwanamke mmoja tu katika kaya, na wengine wasijue maswali hayo yalihusu nini.

Mdadisi naye ajue la kufanya akikuta jambo linaloumiza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituo cha afya siku hiyohiyo, dodoso liwe limekwisha au halijaisha. Mtu akidokeza kwamba anapigwa au ananyimwa chakula kwa makusudi, mdadisi asimkabili mwenye nyumba na asiandike siri hiyo kwenye karatasi itakayopita mikono ya wengine. Ampe njia ya msaada iliyoandaliwa kabla ya kwenda uwandani, na amjulishe msimamizi. Kama njia hiyo haijaandaliwa, hamjawa tayari kwenda.

Sasa bibi. Kwenye safu ya umaskini wa kaya mwandike kama kanuni inavyotaka: si maskini. Hapo msimamizi wako ana haki, kwa sababu safu hiyo inazungumzia kaya, na ukiibadilisha kwa macho yako utakuwa umechanganya vipimo viwili. Kisha fungua safu nyingine ya mtu binafsi, umwandike kwa yale yaliyopimwa na kusemwa naye mwenyewe: nguo, matibabu, pesa ya mkononi. Usimwite "maskini wa kipato", kwa sababu fungu lake hamkulipima. Mwite mwenye upungufu katika mambo hayo matatu. Ripoti itoe jedwali lenye vyumba vinne, kaya maskini na zisizo maskini kwa juu, watu wenye upungufu na wasio nao kwa pembeni. Bibi atakaa kwenye chumba cha wenye upungufu walio kwenye kaya zisizo maskini. Na kwa kuwa ulisema anaumwa na hapelekwi hospitali, mtu wa timu yenu arudi pale wiki hii, amsalimie, amuulize yeye mwenyewe kama angependa kupelekwa kituo cha afya.